Juu au chini? Kifaransa, Kihispania na sikio la Mwingereza

Juzi nilipakia botini wageni wawili, mume na mke wa Kiingereza, wakabishana kutoka Forodhani mpaka kisiwa cha Changuu. Binti yao anatakiwa achague lugha ya kusoma skuli: Kifaransa au Kihispania. Baba anataka Kihispania, eti chepesi. Mama anataka Kifaransa, kwa kuwa nusu yake wanayo tayari mdomoni. Mimi kazi yangu kuwaonyesha kobe, nikanyamaza. Nasema hapa.

Mama ana hoja. Wanormandi waliivamia Uingereza mwaka 1066, na toka hapo Kiingereza kimemeza maelfu ya maneno ya Kifaransa. Justice, village, danger: ukiyatazama kwenye karatasi ni yale yale katika lugha zote mbili. Mwingereza akishika gazeti la Paris huanza kuokota maana kabla hajapata mwalimu. Na chuo kinachofundisha wanadiplomasia wa Marekani kimeziweka lugha hizi mbili kundi moja, la nyepesi kabisa, wiki 24 hadi 30 za darasani. (Kiswahili chetu tumepewa wiki 36 hivi, na Kiarabu 88. Watoto wa chuoni wanaolia na alifu na be wapewe pole.)

Lakini hayo yote ni mambo ya jicho. Tatizo la Kifaransa limekaa sikioni. Andika parle, parles, parlent, yaani nasema, wasema, wanasema. Sasa zitamke: sauti moja. Herufi za mwisho zimekaa barazani tu, hazisemi neno. Herufi tatu, e, a na u, zinakusanyika kutoa sauti ya o. Ukifika kwenye bei ndiyo balaa, maana themanini kwao ni "ishirini nne", na tisini ni "ishirini nne na kumi". Hebu rudisha chenji na hesabu hiyo mgeni amekusimamia.

Mimi kilinipata botini. Kifaransa nimefundishwa na bibi jirani yangu, Mngazija, maana kule kwao ni lugha ya serikali. Nikawaambia wageni kwa kujiamini kwamba majaketi ya kuokolea yako juu, kwenye turubai. Chini ni dessous. Juu ni dessus. Kwangu mimi zote zilitoka "desu", yaani chini. Watu wanane wakainama kutazama chini ya mabenchi. Mmoja akapiga magoti kabisa kupapasa chini, boti ikayumba. Sasa Mwingereza naye hana sauti hiyo ya mwisho wa dessus katika lugha yake. Tumo chombo kimoja.

Baba naye anasema kweli, ila ameona ukumbi tu, vyumbani hajaingia. Kihispania kinaandikwa kinavyotamkwa, na irabu zake ni tano zile zile zetu. Huko ndani ndiko kuna vitenzi. Mwingereza amezoea kusema "I" kila sentensi; Mhispania anasema hablo, nafsi imo ndani ya kitenzi, kama sisi tunavyosema nasema. Mwingereza ana neno moja la "kuwa", anakuta mawili: es mwalimu, lakini está sokoni. Kwetu hilo halina ajabu, ni mwalimu, yupo sokoni. Halafu kuna lile umbo la kutaka na kutumaini linalowatoa jasho. Quiero que venga. Mwanafunzi wa Kiingereza huhangaika nalo miezi, na mimi nilipoliona nilicheka: nataka aje. Kitenzi kinabadilika mwisho, basi. Tangu lini mtoto wa Kikwajuni akafundishwa kusema aje?

Na sisi wa Unguja na Pemba tuna ziada. Ile j yao ni kh ya kheri. Ile z ya Uhispania ni th ya thamani. Waislamu walikaa huko tangu 711, na Granada ikaanguka 1492, kwa hiyo utakutana na jamaa zako njiani: azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, alcalde, mkuu wa mji, asili yake ni kadhi, na ojalá inatokana na kumtaja Mwenyezi Mungu wakati wa kutumaini jambo. Hata hasta ya kuagana ni "hata" yetu ya hadithi, hata siku moja. Mwingereza jamaa hao anao wachache tu. Akiona embarazada anadhani mtu ameona haya, kumbe ni mja mzito.

Kwa hiyo nampa ushindi baba, ingawa si kwa hoja yake. Kihispania si chepesi, na mtu akifika mwaka wa pili atanikumbuka. Umbo lile la kutumaini wanalitumia hata kwa wakati uliopita, kila siku, mahali ambapo Kifaransa cha barazani kimeshaliacha. Ila ugumu huo unakaa kitabuni, ukikaa nao unalainika. Ugumu wa Kifaransa uko mdomoni na sikioni. Unaweza kusoma gazeti zima, na mtu akakuuliza njia ya Darajani ukabaki unamtazama.

Bibi jirani hajanikatia tamaa. Jana kanikalisha kizingitini: "Sema i, mwanangu, huku midomo inapuliza mkaa." Nikasema i, nikapuliza mkaa. Akasikiliza. "Tena." Nikapuliza tena. Akarudi kwenye chungu chake, akasema bado.

Kesho nina wageni saba wa kutoka Lyon. Majaketi nitawaonyesha kwa kidole.