"Niko tayari kwa kazi yoyote": ile jibu yenye inatufungia milango

Nasema wazi tangu mwanzo: jibu mbaya kabisa mu intaviu ya kazi hapa Lubumbashi haiko uongo, ni ile ya "shefu, miye niko tayari kwa kazi yoyote". Tunaipenda sana hii sentensi. Tunawaza ni heshima, ni kujishusha mbele ya mukubwa, juu mwenye kuomba hachague. Lakini kaa kidogo ku kiti ya yule wa RH, mwenye kuchagua bafanyakazi, ku meza yake kuko rundo ya badosie, wote biko na diploma, wote banasema "kazi yoyote", sasa wewe akushike juu ya nini? Hajue hata akuweke wapi, ku kesi ya pesa, ku depo ao ku mulango.

Najua kuko benye batasema "bana, achana na mambo ya majibu, hapa kazi ni kuwa na mutu ndani". Sibishe, kuko nafasi zenye zinaisha ku meza ya familia mbele hata tangazo ibandikwe. Lakini si zote. Kompanyi zenye zinafanyia bamine kazi, za usafirishaji, za kujenga, za kupikia bakambi, zinahitaji mutu mwenye anaijua kazi ya kweli, na pale hata ndugu ya shefu anaulizwa maswali. Sasa ile siku mulango inafunguka, unaingia na jibu ya kuiga ku intaneti: "udhaifu yangu ni kupenda kazi kupita kiasi". Yule mama mwenye anakuuliza ameisha kuisikia asubuhi ile ile kwa batu benye balikutangulia!

Karibu kila mara banaanza na "jieleze kidogo". Basi kijana anaanza: nilizaliwa Likasi, niko mutoto wa tatu, baba alitumika ku Gécamines, tunasali... Hapana. Ile yote iko mu CV ao haibahusu. Banataka kusikia unajua kufanya nini. Tuseme dada mwenye iko na kabini ya M-Pesa na Airtel Money pembeni ya soko ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anaona haya kuitaja juu anawaza ile haiko kazi, anarukia moja kwa moja ku diploma yake ya kontabilite, kisha anasema "sina eksperiansi". Aii dada! Wewe unashika franga na dola mu sanduku moja, bei ya dola inaweza kubadirika asubuhi na tena mangaribi, ukifunga na pesa inapungua unalipa mu mufuko yako. Sema vile: "Kila mangaribi nafunga kesi ya franga na ya dola, naandika mu kaye bei ya dola ya saa ile, na ikikosekana kitu natafuta ni operasio gani mupaka naipata." Ile njo jibu. Iko na fasi, iko na kazi, iko na mutu mwenye anajua kuhesabu. Na iwe ya kweli, juu swali yenye kufuata itakuwa "ulifanya je?", na pale njo waongo banaanza kutoka jasho.

Ya udhaifu usiirefushe. Taja kitu kimoja ya kweli yenye haiko roho ya ile kazi, useme unaitengeneza namna gani. Ukisema unajifunza Excel ku INPP, ile fasi ya serikali ya kufundisha batu kazi, basi ukuwe unajifunza kweli.

Intaviu ya bamine iko na swali ya mutego yake: "shefu akikuambia panda juu bila mukaba ya sekirite, kazi inachelewa, utafanya nini?" Vijana banataka kuonyesha moyo na utii, banajibu "nitapanda". Pale pale dosie imefungwa. Jibu: sipande, namuelezea shefu na heshima, naita mutu wa sekirite, mukaba ikifika napanda. Ajali moja inaweza kusimamisha shantie muzima, ile fasi yote ya kazi, benye kukuuliza banajua ile.

Kisha mushahara, na pale ule ugonjwa wa "kazi yoyote" unarudia: "mutanipatia tu chenye muko nacho". Weee! Uliza mbele batu benye banafanya kazi kama ile, uende na kiasi mu kichwa, uitaje bila kuangalia chini, na uulize kama ni pesa yenye inafika mu mukono ao mbele ya makato. Uliza transport. Uliza hospitali pia, usiogope, juu sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inaweka matunzo ya mufanyakazi na familia yake juu ya mwenye kumupa kazi, hauombe zawadi.

Na bakikuuliza "uko na swali?", usiseme hapana. Uliza esai, ile muda ya kukujaribu ku kazi, itachukua muda gani. Sheria ile ile inasema isipite mwezi 1 kwa manevre asiye na ufundi, miezi 6 kwa bengine. Akikujibu "tutaona", omba basi muda iandikwe mu kontra mbele usaini.