Usiguse "Usithibitishe"

Kila muhula unapoanza nawaona wanafunzi wapya kwenye ngazi za maktaba, wameinamia simu, wakihangaika na wai-fai ya chuo. Jina wameandika, nenosiri wameandika, simu bado inazunguka tu. Anatokea anayejua: "Hapo kwenye cheti chagua usithibitishe." Mtandao unafunguka, wanashangilia. Mimi moyo unaniuma.

Wai-fai ya nyumbani ina nenosiri moja la wote. Ya chuo, kila mtu anaingia kwa akaunti yake, mara nyingi ileile ya barua pepe na ya matokeo ya mitihani. Kabla simu haijaitoa siri hiyo, lazima kwanza ijue inazungumza na seva gani (kompyuta inayokagua majina na nenosiri), na cheti ndicho kitambulisho cha seva. Ukiiambia isithibitishe, umeiruhusu imwamini yeyote anayejiita kwa jina la mtandao wa chuo. Kujiita hivyo ni kazi ndogo. Mtu mwenye laptopu kwenye begi anarusha mtandao wa jina lilelile, simu yako inaufuata yenyewe ikiwa mfukoni. MSCHAPv2, njia inayotumika sana kulificha nenosiri hapo, ilionyeshwa hadharani mwaka 2012 kwamba inavunjika.

Mwishoni mwa 2020, Google ilianza kuliondoa chaguo la "usithibitishe" kwenye Android 11. Watu walilalamika kwamba simu zimegoma. Mimi nilishukuru.

Lawama siwapi wanafunzi. Juzi nilikaa na binti mmoja ambaye simu yake ilikataa kuhifadhi mpaka sehemu ya "Kikoa", yaani jina la seva ya chuo kwenye mtandao, ijazwe. Tulisoma tangazo la ukutani mstari kwa mstari: jina la mtandao lipo, kikoa hakipo. Ilibidi tupande ghorofa tatu kumtafuta fundi, naye akakitaja kwa sekunde mbili. Binti akakiandika, akachagua vyeti vya mfumo (vilivyomo tayari kwenye simu), akaweka jina lake pamoja na @ na anwani ya chuo, akaingia. (Simu ikiwa na tarehe isiyo sahihi, rekebisheni kwanza, cheti halali kinaweza kuonekana kimekwisha muda.)

Maneno yale ya sekunde mbili yanastahili kuwa juu kabisa ya tangazo, kwa herufi kubwa. Na vyuo vilivyo kwenye eduroam, wai-fai ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi, vina programu ya geteduroam inayoweza kuyajaza yote hayo yenyewe. Kibandikeni kiungo chake mlangoni kabla wapya hawajafika.