Kimya cha mwenye blogu

Wiki iliyopita, barazani kwetu baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja mjuzi wa mambo ya mtandao alitoa hukumu: mwenye blogu asiyeweza kuandika kila Ijumaa aifunge, awapishe wengine. Aliyekuwa akisemwa ni mwalimu wa skuli wa Wete, Pemba, rafiki yangu, ambaye blogu yake haijapata neno jipya tangu karafuu zianze kuiva. Wengi waliitikia. Mimi nilijishughulisha na kikombe cha kahawa kwa sababu hoja yangu ilikuwa haijaiva.

Kijana ana haki yake. Mkono usioandika hukauka. Nimeliona kwangu, nikikaa miezi miwili aya ya kwanza hunila usiku mzima. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali miaka mingi na huku anaandika, kwa hiyo kisingizio cha kazi mbele yake hakisimami. Na msomaji aliyekuja mara tatu akakuta hakuna jipya, ya nne haji. Hayo sibishi.

Ninalolibishia ni neno uvivu, maana ndilo lililotumika.

Nilikuwa kwa mwalimu huyo msimu huu. Asubuhi anasomesha, mchana yuko shambani kwa wakwe zake, usiku nyumba nzima imekaa duara wanachambua: karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Pembeni yake simu ilikuwa wazi kwenye rasimu. Aliandika mstari kwa kidole gumba, mikono imekolea mafuta ya karafuu mpaka kioo kikafanya ukungu, halafu mkwewe akaita. Mstari wenyewe ulihusu asili ya jina la mtaa mmoja hapo Wete. Kulipokucha wingu lilifunga, na kila mwenye miguu akakimbilia majamvini kuanua. Nilitazama baadaye: rasimu ilikuwa na mistari minne. Sasa mtu huyu umwambie atafute muda? Autafute wapi, chini ya jamvi?

Kuna hesabu moja inayonikaa kichwani tangu siku ile ya baraza. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mwenzetu, bwana afya aliyegeuka mwandishi wa habari, alishinda shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikachapishwa 1960. Kisa cha pili cha Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi zake, ni Kisima cha Giningi, kilitoka 1968. Miaka minane. Ukiipima kwa kipimo cha kijana wetu, ni Ijumaa zaidi ya 400 zilizopita bila ya Bwana Msa kuwasha kiko chake. Katika miaka hiyo alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima, na nchi nayo ilipata uhuru Disemba 1963, mwezi uliofuata yakaja Mapinduzi. Halafu tazama 1973 hadi 1976: vitabu vinne, kila mwaka kimoja. Ingekuwa baraza yetu ndiyo iliyotoa hukumu mwaka 1966, Bwana Msa angekuwa mtu wa hadithi moja tu.

Utasema kitabu si blogu, na mhariri hakuwa amekaa bure. Sawa kabisa. Na mwalimu wangu je, amekaa bure?

Sheria ya Ijumaa, nikiichunguza, naona haikuzaliwa kwenye blogu. Imetoka Facebook, Instagram na TikTok, ambako ukinyamaza kidogo mtambo unaacha kukupeleka kwa watu. Blogu zilikuwa na njia nyingine. Kulikuwa na milisho ya RSS, na bado ipo: msomaji anajiandikisha mara moja, na siku ukiandika, iwe kesho au mwakani, andiko linamfuata. Aandikaye mara chache alikuwa hapotezi kitu. Lakini Google walipoifunga Google Reader tarehe 1 Julai 2013, wasomaji wengi waliokuwa wakitumia njia hiyo waliiacha, wakabaki kungojea mitandao iwaletee. Tangu hapo mwenye blogu anapimwa kwa pishi ya duka la mwenziwe.

Na vipo vimya ambavyo havina uhusiano na hamu wala muda. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu Tanzania alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za mwaka. Jumla 2,100,000, wakati kima cha chini cha mshahara serikalini hapa kwetu kilikuwa 300,000. Miezi saba ya mshahara ili mtu asimulie habari za mtaa wake! Kanuni zimebadilishwa tangu wakati huo, ila walionyamaza mwaka ule si wote waliorudi, na sijasikia anayewauliza kwa upole.

Pahala pengine nilipo karibu na kijana ni hapa. Adui wa hamu ya kuandika, kwetu hapa, ni hiyo hiyo baraza. Kisa cha jina la mtaa mwalimu alikisimulia usiku ule wakati wa kuchambua. Watoto walicheka, mzee mmoja akambishia, mwengine akaongeza lake. Malipo taslimu. Kukiandika kutamchukua usiku mitatu, na atalipwa alama ya kidole gumba na mtu asiyemjua. Nilimwambia: kwanza andika, kusimulia baadaye. Alicheka, kwani anajua na mimi siwezi kulishika hilo.

Juzi usiku alinitumia rasimu. Imefika mistari kumi na moja, na ni mizuri kuliko chochote nilichokisoma mwezi huu. Nikamuuliza mbona haichapishi. Akanijibu kwa sauti, na nyuma yake nikisikia watu bado wanachambua: yule mzee aliyembishia ametaja jina jengine la zamani la mtaa ule, na anayelijua sawasawa ni bibi mmoja yuko Mtambwe. Karafuu zikishapungua atakwenda kumuuliza.