Rejista Yetu Yakataliwa Mlangoni

Hapa Lubumbashi kila mtu ana ndugu aliyewahi kuchimba kitu. Ndiyo maana Mukubwa, bosi wetu, alipoambiwa kwamba kuna mtu anachimba kwenye mashine zetu, hakuuliza habari za kompyuta hata kidogo. "Anachimba nini? Shaba au kobalti? Na kibali kapewa na nani?"

Zilikuwa sarafu za mtandaoni. Stajieri wetu, kijana aliye kwenye mafunzo ya kazi, alikuwa amenakili mahali fulani faili la kusimika programu ya kuchora chati, nalo likaita imeji, yaani programu iliyofungashwa tayari kuendeshwa, kutoka rejista, ghala la imeji, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Ndani ya imeji hiyo chati zilikuwepo kweli, ila zilikuja na mchimbaji wake, anakula prosesa usiku na mchana bila kulipa kodi. Feni za mashine kubwa zilivuma mpaka sentineli, mlinzi wetu, akahamisha kiti chake upande wa pili wa ua.

Kazi yetu ni malori. Yanatoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na programu yetu ndiyo inayotoa boni, zile karatasi za lori, inayopanga foleni na kutunza makaratasi ya forodha. Yote hayo yanaishi kwenye klasta ya Kubernetes, mfumo unaoendesha programu kwenye mashine zilizounganishwa; zetu ni tatu, katika chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya unga.

Mukubwa akaanza kusoma. Hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu Mukubwa akisoma kitu usiku, asubuhi kinakuwa sheria. Akatusomea kwa sauti jinsi mwaka 2018 imeji 17 za akaunti moja zilivyoondolewa Docker Hub, rejista ya umma, zina wachimbaji ndani, na zilikuwa zimeshushwa zaidi ya mara milioni 5. Akavua miwani. "Kuanzia leo, imeji ambayo haikutoka kwenye rejista yetu haiingii. Hata ikija na barua ya gavana."

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, nalitetea mpaka leo. Tena njia ipo ndani ya Kubernetes yenyewe: kabla podi, yaani kifungu kidogo cha programu inayoendeshwa, haijapokelewa, ombi lake linapita kwenye ukaguzi, na tangu toleo la 1.30 la mwaka 2024 kitu kinachoitwa ValidatingAdmissionPolicy kimekomaa, huhitaji tena kusimika programu ya pembeni. Unaandika sentensi moja ya sharti, unasema itumike wapi, kisha unachagua adhabu: kukataa, kuonya, au kuandika tu kwenye kumbukumbu.

Nikashauri tuanze na kuonya, wiki moja hivi, tuone nani angekataliwa.

"Onyo?" Mukubwa akacheka. "Katika mji huu? Ukiandika ukutani 'Marufuku kukojoa hapa', umewaonyesha watu pa kukojolea. Kataa!"

Akampa stajieri aandike, kama malipo ya dhambi zake. Kijana akaandika kwa moyo wote, hasa sehemu ya ujumbe anaoonyeshwa aliyekataliwa. Sehemu hiyo unajaza maneno unayotaka mwenyewe, naye akajaza: *Imeji yako haina makaratasi. Rudi ulikotoka.*

Ijumaa sheria ikawashwa. Hakuna kilichoanguka. Mukubwa akatangaza ushindi, akamwandikia mteja wetu mkubwa barua yenye mhuri kwamba mitambo yetu sasa ina ulinzi "usio na msamaha", halafu akatupeleka kula michopo. Kati ya mnofu na pilipili nikamwambia kwamba ukaguzi huu unafanyika podi inapoingia tu. Zilizokuwa ndani tangu zamani hakuna anayeziuliza kitu, kwa hiyo ushindi huu tusubiri kwanza. Akaniambia nisimharibie nyama.

Jumamosi usiku umeme ukakatika. Hilo si habari, tuna betri. Ila betri ya mashine kubwa ilikuwa imezeeka, ikaaga dunia kimya kimya, mashine nayo ikalala. Zile mbili ndogo zikabaki macho, zikangoja dakika tano kama ilivyo desturi ya Kubernetes, zikaona mwenzao harudi. Zikaamua podi zake zote zihesabiwe marehemu na mpya ziundwe kwingine.

Mpya! Maana yake kila moja inapita mlangoni.

Stajieri alinipigia simu sauti inatetemeka. "Yaya," akaniita, kama tunavyowaita wakubwa zetu, "njoo. Tumefukuzwa wote."

Nilipofika, skrini ilikuwa imejaa mstari mmoja unaojirudia. Deploymenti zote, yaani maagizo ya podi zipi ziendeshwe, zilikuwepo, majina yao kamili, lakini pembeni ya kila jina 0/1, 0/2, 0/1, hakuna podi iliyo hai, na ukitafuta podi zenyewe unaona maiti za mashine kubwa tu, zinasubiri kufutwa. Ukifungua matukio: imeshindikana kuunda podi, *Imeji yako haina makaratasi. Rudi ulikotoka.* Hifadhidata, irudi ilikotoka. Programu ya foleni, irudi. Hata CoreDNS, inayowaambia wengine njia, nayo iliambiwa irudi, kwa kuwa inatoka registry.k8s.io, rejista ya Kubernetes yenyewe, na kijana hakumsamehe mtu, hata jamaa wa kube-system, sehemu inamokaa mitambo ya Kubernetes.

Hifadhidata yetu ilikuwa imeandikwa *postgres:15* tu, bila jina la rejista mbele. Aliyeiandika zamani alijua kwamba jina tupu maana yake ni Docker Hub. Sheria haijui mambo ya kudhaniwa. Inasoma herufi zilizoandikwa basi.

Umeme ukarudi, mashine kubwa ikaamka. Tukapiga makofi mapema mno. Ilipopata habari kwamba podi zake zilishaandikiwa kufutwa, ikazimalizia kwa utii.

Basi, nikasema, tuchukue imeji hizo, tuzinakili kwenye rejista yetu, tubadilishe majina kwenye mafaili, kazi iendelee na sheria ibaki. Stajieri akajaribu kusukuma ya kwanza. Rejista haijibu. Akajaribu tena, kimya. Tukaenda kuitazama.

Rejista yetu inaendeshwa ndani ya klasta hiyohiyo, na imeji yake ni *registry:2*, kutoka Docker Hub. Ilikuwa imekaa kwenye mashine kubwa. Ikafa na wenzake, ikataka kurudi, ikafika mlangoni, ikaambiwa haina makaratasi. Rejista yetu ilikataliwa kwa sababu haikutoka kwenye rejista yetu, na haiwezi kutoka kwenye rejista yetu mpaka rejista yetu iwepo. Stajieri aliketi chini sakafuni.

Kulipokucha malori yalikuwa yamejipanga hadi barabarani. Madereva wa Zambia wanapiga honi, makarani wanaandika boni kwa mkono kwa karatasi ya kaboni iliyopatikana chini ya kabati. Mukubwa akaingia na suti ya kanisani. Akasoma skrini polepole, kidole kwenye kioo.

"Nani huyu ananiambia mimi nirudi nilikotoka?"

"Ni sheria yako, Mukubwa."

Nikamweleza kwamba sekunde chache zinatosha: tugeuze adhabu iwe onyo, kila kitu kipande, kisha tutengeneze vizuri. Akakataa. Barua ilishatoka, ina mhuri, imeandikwa *usio na msamaha*. Angeuweka wapi uso wake? Akataka tuisamehe rejista bila kuisamehe. Nilimwangalia kijana, kijana akaangalia viatu vyake.

Aliyetuokoa ni Papa Deklara, mzee wetu wa forodha, aliyekuja kutafuta chai. Akasikiliza ugomvi wote, akauliza, "Mukubwa, ule mzani wa malori, siku ulipoletwa, wenyewe ulipimwa kwenye mzani gani?"

Mukubwa akafungua mdomo, akaufunga. Akaenda zake kanisani bila kusema ndiyo wala hapana, nasi tukachukulia kwamba ni ndiyo.

Tukaitoa kube-system kwenye sheria. Rejista tukaipa neimspesi, yaani chumba ndani ya klasta, yake pekee, iliyo nje ya sheria, na imeji yake tukaitaja kwa sha256, alama inayotokana na yaliyomo ndani yake, ili asije mwingine akajiita jina hilo. Ikaamka. Kuvuta hizo nyingine ndiko kulikotutoa jasho, maana intaneti ya ofisi ililala na umeme na haikuamka nao. Tukatumia simu yangu na mega zangu, ambazo sijarudishiwa. Tulipokuwa tunangoja nikaisoma sheria ya kijana kwa makini. Aliangalia kontena, programu zilizo ndani ya podi, za kawaida tu. Za maandalizi, zinazotangulia kwenye podi, zingepita zinapiga mluzi. Na jina la rejista aliliandika bila mkwaju (/) mwishoni, kwa hiyo mtu yeyote ambaye jina la rejista yake linaanza kama letu, halafu likaongezewa nukta na mengine, angeingia kama mtoto wa nyumbani. Yaani tulifukuza ndugu wote, mwizi tukamwachia dirisha wazi.

Saa nane mchana boni ya kwanza ikatoka kwenye printa. Mukubwa akarudi, akaridhika, akatoa amri moja tu: ule ujumbe ubadilishwe, uwe wa heshima, wateja wakiuona wasitudharau. Kijana akautengeneza.

Jumatano nikasimika toleo jipya la programu ya foleni. Podi haitokei. Nikafungua matukio, nikasoma: *Mheshimiwa, faili lako linashughulikiwa. Tafadhali subiri.* Nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikasubiri. Nikasubiri mpaka Papa Deklara akapita nyuma yangu, akainama kusoma skrini.

"Wamekukataa huyo," akasema. "Mimi maneno hayo nimeyasoma miaka thelathini."