Ripoti isiyochimba udongo irudishwe

Kiwanja cha kiwanda kilichofungwa kina karibu kila anachokitafuta mjenzi wa nyumba za kuuza: barabara imefika, umeme wa njia tatu upo, maji yapo, na eneo kubwa lina hati moja. Ndiyo maana viwanja vya namna hiyo kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, au Changamwe kule Mombasa vina mvuto. Kabla ya ujenzi hufanywa tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo kazi yake kubwa ni kueleza jengo litayafanyia nini mazingira. Swali la upande wa pili, yaani ardhi hiyo itawafanyia nini watakaohamia, mara nyingi hupewa aya mbili na picha ya kiwanja kilichopitishwa greda. Kwa maoni yangu ripoti ya hivyo irudishwe kwa mshauri, na kibali kisubiri.

Kazi ya kwanza haihitaji hata chepe. Tafuta ramani za zamani, picha za angani na leseni, kisha kaa na mafundi waliostaafu. Matangi ya mafuta yalizikwa wapi? Transfoma ilisimama wapi? Betri zilichajiwa wapi, oili chafu ilimwagwa wapi, mfereji wa karakana ulitokea wapi? Mlinzi mzee wa geti anaweza kukuonyesha shimo la taka ambalo halimo kwenye mchoro wowote. Hatua hii ni ya gharama ndogo kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Matokeo yake mamilioni yanateketea kwa kuchoronga mahali pasipo na kitu. Majibu yote yaishie kwenye ramani moja: sumu iko wapi, inapita njia gani, inamfikia nani.

Hapo ndipo ifuate gridi, yaani pointi za kuchukulia sampuli zilizopangwa kwa miraba juu ya kiwanja chote. Mwongozo wa Uingereza, BS 10175, unataja mita 25 hadi 50 kati ya pointi kwa uchunguzi wa awali, na mita 10 hadi 25 kwa uchunguzi kamili. Kila pointi ichukuliwe sampuli kwa vina tofauti: sentimita 10 za juu anakochezea mtoto, nusu mita, mita moja, na udongo wa asili chini ya kifusi. Ongeza pointi za makusudi pale mlinzi aliponyoosha kidole.

Kinachoharibu ripoti nyingi ni wastani. Chukua pointi 25 zilizopimwa risasi, yale madini ya kwenye betri. Pointi 24 zina miligramu 50 kwa kilo, moja ina 3,000. Wastani ni 168. Mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango cha uchunguzi kwa udongo wa makazi, yaani kiasi ambacho kikizidi udongo huchunguzwa zaidi, kutoka 400 hadi 200, kwa hiyo 168 inapita hata huko, na ile pointi ya 3,000 inaweza kuwa uwanja wa chekechea. Kuchanganya udongo wa pointi zote kwenye mfuko mmoja kunaleta balaa lile lile. Dai jedwali la kila pointi, na kila namba ionekane kwenye ramani.

Mashine ya eksirei ya mkononi husoma risasi kwa dakika moja hivi na inasaidia sana kufuata doa mpaka mwisho wake. Lakini udongo wenye maji huifanya isome pungufu: kausha, chekecha, ndipo upime, na sehemu ya sampuli ziende maabara kulinganishwa. Petroli mashine hiyo haiioni kabisa. Udongo wa petroli ukitiwa kwenye mfuko wa plastiki na kushinda kwenye buti la gari, mvuke unaondoka na ushahidi unaondoka nao. Tumia chupa ya kioo, ijae mpaka mdomoni, ifungwe papo hapo, ikae kwenye barafu, nyuzi 4 hivi.

Kwa maji ya ardhini, chimba visima visivyopungua vitatu kwa umbo la pembetatu, la sivyo hutajua maji yanaelekea wapi. Petroli na dizeli huelea, kwa hiyo sehemu yenye matundu ya bomba la kisima ianzie juu ya usawa wa maji na kuishia chini yake. Viyeyushi vya kusafishia vyuma huzama mpaka kwenye tabaka la mfinyanzi. Ukilitoboa bila kuziba, umevifungulia njia ya kwenda chini zaidi. Kwenye mwamba wa matumbawe, kama kisiwani Mombasa, andika na saa ya kupima, maana usawa wa maji hufuata bahari kujaa na kupwa. Rudia baada ya masika.

Na uchunguzi usiishie kwenye uzio. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa 2014 kiliacha risasi kwenye udongo wa mtaa wa jirani na kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na kuamuru usafishaji. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Jambo la mwisho ndilo linalonikera zaidi: udongo unaochimbwa kwa ajili ya msingi. Madereva wa malori huuuza kama kifusi, ukajaze kiwanja cha mtu bondeni. Mkataba wa uchimbaji useme kila lori liwe na stakabadhi ya pande tatu, yenye namba ya gari, pointi ya gridi udongo ulikotoka, na mhuri wa dampo lililoupokea, na mkandarasi asilipwe safari isiyo na mhuri huo.