Pemba Ipi?

Msimu uliopita wa karafuu, simu yangu ilinihakikishia kwamba Pemba kungekuwa na jua kutwa nzima, nami nikaziacha karafuu zimeanikwa majamvini nikaenda zangu Wete. Niliporudi nilikuta watoto wanaanua mbio na jamvi zima limekwisha rowa. Shemeji yangu aliitazama simu, akacheka: jua lile lilikuwa la Pemba ya Msumbiji, mji wa mkoa wa Cabo Delgado ulio zaidi ya kilomita 800 kusini mwetu, ambao Wareno waliuita Porto Amélia, kwa jina la malkia wao, mpaka nchi ilipopata uhuru mwaka 1975.

Tangu hapo nimekuwa nikizihesabu Pemba. Zambia iko moja, katika Mkoa wa Kusini. Kwa Washerpa wa Nepal, Pemba ni jina la aliyezaliwa Jumamosi, kama nasi tunavyomwita mtoto Khamis au Juma. Kwa Wakongo, mpemba ni udongo mweupe, na neno hilo lilivuka bahari pamoja na watumwa hadi Brazil, ambako katika dini ya Umbanda pemba ni chaki ya kuchorea alama za ibada.

Barazani wapo wanaotaka kuzifunga Pemba zote hizo kwenye kamba moja, kana kwamba kila aliyetamka neno hilo alipata kushuka bandari ya Mkoani. Siafikiani nao. Neno la silabi mbili, lenye sauti nyepesi namna hii, linaweza kuzuka popote bila ya kuazimwa.

Dai linalonisumbua zaidi ni la hapa hapa nyumbani. Kupemba ni kuvuta tunda kwa upembo, yaani fimbo yenye kigoe, na kwa kuwa sisi ni watu wa kuvuta matawi ya mikarafuu, husemwa kwamba kisiwa kimepata jina kwa kazi hiyo. Lakini mikarafuu ilienea hapa katika karne ya 19, ilhali Wareno wa karne ya 16 walikwisha kukiita kisiwa hiki Pemba. Mtoto hawezi kumzaa babu yake.

Maana iliyotoka kwetu kweli ni ile ya Bara, ambako watu hununua sukari “kwa Mpemba”, hata kama muuzaji hajapata kuliona Chake. Ama ile “athari ya Mpemba” ya wanafizikia, hiyo ina jina la Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi huko Tanganyika mwaka 1963 alipogundua kwamba maziwa ya moto yaliganda kuwa aiskrimu kabla ya yaliyopoa. Mwanangu alisoma habari hiyo akaja kuniuliza kijana yule alikuwa wa Micheweni au wa Kengeja.

Siku hizi, nikitafuta hali ya hewa, naandika Chake Chake.