Sisti ya Tornwaldt: ipasuliwe au iachwe?

Mtu wa Goma anafika kwa daktari wa ORL (masikio, pua na koo) akilalamika: kisogo kinauma, kamasi inashuka kooni usiku, pumzi inanuka ingawa meno ni mazima. Skaneri inaonyesha kifuko cha majimaji nyuma ya pua, katikati kabisa ya dari ya koo. Hiyo ni sisti ya Tornwaldt, yenye jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1885.

Wanaosema iachwe wana hoja nzito. Kifuko hicho ni baki la ukuaji tumboni mwa mama, pale notokodi (uzi wa kiinitete unaotangulia uti wa mgongo) iliposhikana na utando wa koo. Mara nyingi ni kidogo, hakiumi, na huonekana tu picha ikipigwa kwa jambo lingine. Tena Goma, kwa vumbi la mawe ya volkano na moshi wa makala, kamasi ya kooni ina sababu nyingi. Ukipasua kabla ya kutibu mzio au sinusi, sisti inaondoka, kamasi inabaki, na familia imeshalipa.

Lakini usaha ukirudi kila mara, au sikio likiziba kwa kuwa mlango wa mrija wake umebanwa, antibiotiki hutuliza kwa muda tu, maana mfuko bado upo. Hapo tunaunga mkono kisu.

IRM (picha ya sumaku) kwanza, hata kama ni ghali kweli. Sisti hung'aa kwenye picha zake za aina ya T2, haili mfupa. Meningosele, yaani utando wa ubongo uliotokeza nje kama kifuko, inafanana nayo, ila imeungana na utando wa ubongo kupitia tundu la fuvu. Ukiichoma sindano, maji ya ubongo yanamwagika puani. Uvimbe ulioegemea upande mmoja, wenye damu puani na tezi shingoni, uchunguzwe kama saratani hadi biopsi (kipimo cha kipande cha nyama) iseme vingine.

Mgonjwa hulazwa usingizi kamili, mrija wa kupumua ukipitia mdomoni. Endoskopi (kamera nyembamba) huingia puani. Au ile inayotazama kwa pembe ya nyuzi 70 hupitia mdomoni, kaakaa laini likivutwa mbele kwa katheta (mrija laini) iliyopitishwa puani. Kosa linalorudiwa ni kutoboa na kunyonya. Ute mzito wa manjano unatoka, wote wanafurahi, kisha kitundu kinajifunga na sisti inajaa upya. Ukuta wa mbele ukatwe wote, mdomo wa mfuko ubaki mpana. Ukuta wa nyuma usichimbwe: nyuma yake kuna misuli ya shingo. Pembeni, mlango wa mrija wa sikio usiguswe, kovu lake huziba sikio. Kipande kilichokatwa kiende maabara ya patholojia ndani ya formalini (dawa ya kuhifadhi), hata kama majimaji yalikuwa meupe.